Permi Imekufa Pamoja na Feruzi

Shemeki Feruzi,

Sikuita karani aniandikie. Makarani njo watu walionikasirisha, na mukono wangu, hata ukikwaruza karatasi, ni mukono ulioangusha nyati akija mbio. Soma polepole. Huko uliko huna kazi ya haraka.

Tulikuzika nyuma ya shamba lako, njia ya Kailo, na bunduki yako haikulia. Wawindaji wote waliuliza. Muwindaji anazikwa na mulio, pori ijue amekwenda. Bila mulio, dada yangu Mwamini na watoto uliomuachia hawaruhusiwi kutia nyama ya pori mudomoni. Walikula sombe, majani ya muhogo, kesho sombe, wakisikia harufu ya nguruwe anayechomwa kwa jirani. Nyumba ya muwindaji hiyo.

Baruti nilitafuta. Mwenye magazini, duka la baruti karibu na gare ya treni, ananijua tangu ndevu zangu zilipokuwa nyeusi. Akataka permi, ile karatasi ya ruhusa. Nikamuonyesha yako. Akasema baruti anauziwa muntu aliyeandikwa, na aliyeandikwa amekufa, basi permi nayo imekufa. Miye nimezika watu, nimezika mbwa wa kuwinda. Karatasi kufa sikuwahi kuona.

Na wote wanajua: permi ilikuwa yako, lakini jicho lilikuwa langu. Ulikosa nyati aliyesimama kama nyumba. Nikakunyang'anya bunduki, nikamulaza chini, na kijijini wakakuimbia weye. Nilinyamaza juu ya heshima ya dada yangu. Haya, sikunyamaza sana.

Sasa sikia mambo ya Leta, hii serikali ya wazungu. Inalazimisha kila nyumba ilime mupunga. Baruti inafungia. Nguruwe wanaula mupunga wote, halafu muzungu wa mashamba anakuja kuuliza mupunga iko wapi. Nikamwambia aulize nguruwe. Akasema tupige madebe. Miye, nipige madebe kama mutoto anayefukuza ndege.

Halafu polisi akaja: bunduki ya marehemu irudi biro, ofisi ya Leta kule Kindu, ama Mwamini afungwe, sababu iko ndani ya nyumba yake. Nilikataa. Nikasema waje waichukue mukononi mwangu, tuone. Mwamini akanijibu mbele ya watu wote:

"Kaka, sifa ni zako, na gereza ni langu."

Nikaibeba.

Pale biro, karani akasema bunduki inarudishwa na mwenye jina peke yake. Nikamwambia, "Mwenye jina iko njia ya Kailo, chini ya udongo. Nenda umuite, miye nitamungoja hapa." Nikaketi barazani. Watu wakacheka. Yeye akavimba, akachukua ufito, akautia ndani ya mututu aone kama ni tupu. Ufito ukasimama juu. Haukufika chini.

Shemeki, ulikuwa umeijaza. Ulikuwa unamungojea ule nguruwe dume, homa ikakuwahi.

Karani akaruka nyuma. Muzungu mukubwa akatoka, akasema bunduki yenye baruti haiingii ndani ya stoo ya Leta, ipigwe hapo hapo iwe tupu. Polisi hata mumoja hakutaka kuigusa. Wanasema bunduki za namna yetu zinapasukia muntu usoni. Muzungu akaniangalia, akauliza kama najua kupiga. Aliniuliza miye. Na fataki ya kuwasha baruti haikuwako, basi karani mwenyewe akaenda kunitolea moja katika stoo yao.

Nikaelekeza bunduki juu ya muto Lualaba. Nikataja jina lako na jina la baba yako, kwa sauti. Nikapiga. Ililia mpaka ng'ambo ikarudi. Bandarini wabeba mizigo waliweka magunia chini, na muzee mumoja kati yao akavua kofia. Yule alielewa. Muzungu alisema tu vizuri, akarudi ndani.

Wakaninyang'anya ingali moto. Wakaitupa juu ya zingine, bunduki za wafu wengine, kutu imezila. Simushukuru muntu. Mulio wako haukuwa kazi ya kusafisha stoo. Ulikuwa wa kaburini, na watoto wako wakisikia. Mwamini hakusikia kintu, ni mbali. Nilipomwambia, akaniuliza ililia namna gani. Nikamuonyesha kwa mudomo, muzee kama miye, mbele ya wajukuu. Alilia sana. Halafu akasimama, akaweka chungu motoni, akatuma watu kwa jirani.

Basi njo nakuandikia, usikie kwangu: ule mulio ulikuwa wako. Wakikuambia huko ni wa Leta, wanadanganya.

Bunduki sitawaachia. Kila siku ya soko nitakwenda kukaa pale barazani, mpaka waandike permi kwa jina langu ama wachoke na uso wangu, na weye unajua nani anatangulia kuchoka.

Lala, Feruzi. Kwako wamekula nyama.

Ni miye, jicho lako,
Shemeki Sumaili