Ubeti wa Mwisho wa Shemeji Jabez

Kijiji cha Wenby,
Lincolnshire,
9 Novemba 1884

Mpendwa mdogo wangu Silas,

U hali gani huko Kanada, na baridi yenu imeshaanza kuuma? Mke na watoto wazima? Sisi tunapumua. Goti langu linanisumbua tu ukungu ukitanda.

Habari niliyo nayo ni nzito, kaa kitako. Shemeji yetu Jabez hatunaye tena.

Ulimwacha akiezeka mapaa na kutunga beti za kuchongwa makaburini, na watu wakimsifu. Baada ya wewe kuondoka mambo yaligeuka. Beti zikaanza kumjia kabla ya misiba. Alitunga ubeti wa msaga unga aliyeanguka ngazini, na msaga unga mwenyewe yuko hai, anakunywa bia pembeni yake. Jumapili tukamzika. Toka hapo mama Hepzibah wa kilabuni akawa anamtania, "Jabez, leo umemzika nani?" Lakini mama mwenyewe hacheki, na mkono uko kwenye komeo la mlango, tayari kumfungia nje.

Mwezi wa tisa akashuka kutoka kwenye paa la kanisa, uso umempauka, akisema haya:

Mpika mkate mwema, tanuri limezimika,
Mlangoni tumekoma, harufu bado yafuka.

Jina halikuja. Wala halikuhitajika, Silas. Nani anaoka mkate wa kijiji hiki kama si dada yetu Keturah, mkewe mwenyewe?

Jabez akakimbilia kwenye kibanda chake cha matete, akakataa kusema na mtu, ubeti usije ukajimaliza kinywani mwake. Haikusaidia. Keturah akashikwa na homa, akawa anayeyuka kama mshumaa. Mchana mmoja akanituma nikamlete mumewe. Alikuja amejifunga kitambaa mdomoni.

"Fungua hicho kitambaa, mzee," Keturah akamwambia. "Limalize shairi langu."

Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka.

"Basi nitalimaliza mwenyewe. Miaka yote nimekusikiliza, unadhani sijui vina?"

Jabez akamrukia amzibe mdomo. Hakuwahi. Dada alisema mishororo miwili iliyobaki, taratibu, jina lake mwenyewe likiwa ndani, na neno la mwisho lilipotoka Jabez akaanguka mbele ya meko. Nilipomgeuza alikuwa ameshakata roho. Nikamshika Keturah paji la uso: baridi, jasho tele, homa imekwisha, kana kwamba mauti yalibadilisha mtu.

Kaburi la Jabez halina ubeti. Kasisi aliomba mtu atunge, watu wote wakatazama viatu vyao.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike haraka. Dada amerudi kwenye tanuri, anakula, ana nguvu. Lakini juzi alikuwa anakanda unga, mikono ikasimama, akasema kwa sauti ambayo si yake:

Mto ugandao juu, farasi hataki kwenda...

Akajiziba mdomo kwa mikono yenye unga. Hakuna mto wa hivyo hapa kwetu. Tulitazamana, hakuna aliyelitaja jina lako, na tangu hapo hajafungua kinywa hata kusali.

Silas, mdogo wangu, farasi wako akigoma, usimpige. Shuka, urudi nyumbani. Hata barafu ikionekana ngumu kiasi gani, zunguka mbali. Usinicheke.

Nisalimie wifi Lavinia na watoto wote. Keturah angekusalimu kwa mdomo wake. Amekutumia mkono tu, ameuweka juu ya karatasi hii, ndiyo alama ya unga unayoiona.

Mungu akuweke kwenye nchi kavu.

Dada yako akupendaye daima,
Thirza