Baridi Iliyoishia Mbande

Ving'hawe,
Mpwapwa.
21 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Penina,

Mimi kaka yako Stanley nina miaka themanini na mbili. Nimemzika mke wangu Anna na wanangu wawili. Nimewazika mabwana mifugo walionifundisha kazi, nao walidhani watanizika wao. Yule fahali mwekundu aliyeletwa kwa meli, tukaambiwa hafi, nilimfukia mimi. Njaa za Ugogo sizihesabu. Nakuambia haya mapema usije ukasema kaka amezeeka, amechanganya mambo. Sijachanganya.

Hujambo lakini? Miguu yako je, bado inavimba jioni? Shemeji anaendeleaje na kifua chake? Huko Nachingwea nasikia korosho zimeanza kuanguka, basi mshukuruni Mungu kwa niaba yetu. Sisi huku ni wazima wa kuhema tu. Jua limekausha hata visima vya mchangani, na mtama uliobaki ghalani ni wa kuonja. Mvua watu wameacha kuizungumzia. Jicho la kushoto limezima, la kulia linatosha. Naandika mwenyewe, sijamtuma mtu. Darasa la nne la wakati wetu unalijua, vijana wa vyuo hawalifikii.

Umeniuliza kwenye simu mara nyingi kwa nini Ruthu hapokei simu zako. Nilikujibu ni mtandao. Si mtandao. Ila kwenye simu wewe unaanza kulia kabla mtu hajamaliza, ndiyo maana nimechukua kalamu. Wewe ndiye uliyemlea alipofiwa na mama yake, mpaka akamaliza la saba ukanirudishia mjukuu wangu akiwa mtu. Una haki ya kujua.

Ruthu alikuwa anasoma fizikia, shahada ya pili, hapo Dodoma. Kazi yake ilikuwa vidonge. Anachukua unga wa manganizi na madini mengine ambayo majina yake hayakai kinywani, anausaga kwenye kinu kidogo, anauchoma kwenye tanuru, anausaga tena, anaukandamiza uwe kidonge cheusi kama kitufe cha koti, halafu anakichoma mara nyingine. Oksidi zenye usumaku, ndivyo anavyoziita.

Ukikitazama ni kitu kimoja. Yeye anasema si kimoja, ni punje nyingi zilizoshikana, na kila punje ni sumaku inayoelekea kwake. Sasa umeme ukipita humo, zile chembe zake, elektroni, zikifika kwenye mpaka wa punje na punje zinakuta kama ukuta, mahali palipovurugika pasipopitisha umeme. Nguvu ya kuuruka ukuta hazina. Lakini zinapita! Zinazamia upande huu, zinatokea upande wa pili, na ukuta hauna tundu.

Nikamwambia, "Hiyo si elimu, huo ni uchawi, na wanaopita ukutani hapa kijijini tunawajua kwa majina."

Akacheka. "Uchawi hauna hesabu, mchumba. Huu unazo, na zimeninyima usingizi."

Unajua alivyokuwa akiniita mchumba, utani wake wa tangu alipotoka kwako.

Tena hazipiti ovyo. Elektroni nayo ina upande inaoelekea. Ikitoka kwenye punje inayoangalia mashariki, na punje ya mbele nayo inaangalia mashariki, inapita kwa wepesi. Ya mbele ikiwa imegeukia magharibi, nyingi zinakwama. Ukisogeza sumaku kubwa, punje zote zinageukia upande mmoja, umeme unapita, ukinzani, yaani kile kinachouzuia umeme, unashuka. Kushuka huko ndiko alikokuwa anakutafuta, kidonge kwa kidonge, ajue mipaka ya namna gani inashusha zaidi. Bila hilo hana shahada.

Adui ni joto. Kwenye joto punje hazitulii upande wake, hasa pale ukingoni penye ukuta, kwa hiyo sumaku inakosa cha kugeuza. Ilikuwa mwaka jana, mwezi kama huu, na joto la Dodoma unalikumbuka. Vidonge vyote alivipima kwenye joto letu, ukinzani ukashuka kidogo hata asijue kama ni kidonge au ni kifaa cha kupimia kinatetemeka. Kifaa chenyewe kilikuwa cha kuazima, cha mwalimu wa Dar aliyekuwa anahamia nje, na kilikuwa kinachukuliwa kesho yake asubuhi. Alihitaji baridi kali siku ile ile. Wenye nayo mjini mitungi yao ilikuwa mitupu, wanangoja gari.

Alinipigia simu alfajiri, nikamwambia asihangaike, baridi anayo babu yake.

Wewe unajua. Nitrojeni, yale maji ya baridi yanayotunza mbegu za madume ya ng'ombe, hakuna mtu Mpwapwa hii aliyeyabeba kunizidi. Na vidole vyangu vyote ninavyo. Nikaenda kwa rafiki yangu Masudi, ambaye bado anawapandishia watu ng'ombe kwa mbegu hizo. Akanijazia mtungi wake mdogo mpaka shingoni.

Akaniambia, "Stanley, mtungi huu umechoka, shingo yake inatoa jasho. Nenda moja kwa moja. Usisimame, wala usiufungue."

Nikamjibu, "Unanifundisha mimi?"

Nikapanda basi la asubuhi, mtungi katikati ya magoti. Tulipofika Mbande basi likasimama kupakia watu, na pale dirishani namwona Dorothea, mtoto wa shemeji yangu Emilia, mdogo wake marehemu Anna. Amefunga kanga kiunoni, macho mekundu. Emilia alikuwa amefariki alfajiri ile, wanazika mchana. Mimi nilikuwa sijui. Akanitazama na ule mtungi wangu, akasema, "Baba mkubwa, na wewe unapita?"

Penina, ungekuwa wewe ungepita? Emilia aliyemwosha Anna kwa mikono yake? Nikashuka.

Nilikaa na wazee, mtungi ubavuni. Kukaanza maneno ya chini chini. Mmoja anasema mzee Stanley Mazengo amekuja msibani na pombe yake. Mwingine anasema, "Mwacheni, ni maziwa, siku hizi hana meno." Watu wa Mbande unawajua. Nikasema nitawafunga midomo. Nikaomba jani kwa akina mama waliokuwa wanachambua mboga, nikafungua mtungi, moshi mweupe ukatoka ukalala chini, nikalichovya jani, nikaligonga kwa kidole. Likavunjika kama kioo! Wazee wakasimama wote. Wakasema rudia, nikarudia. Nikawamiminia kidogo mavumbini waone inavyokimbia na kuisha bila kulowesha. Aliyesema sina meno akanisogezea kiti chake.

Na Dorothea akacheka. Siku ya kumzika mama yake, akacheka mpaka akashika ukuta. Hilo nilifanya mimi, na sitamwomba mtu radhi kwa hilo.

Niliingia Dodoma jua limeelekea kuzama. Ruthu alikuwa amesimama nje ya maabara tangu mchana. Alinipokea mtungi akakimbia nao ndani. Akamimina. Kidonge cha kwanza kikafunikwa, kwa shida. Akasubiri, akasogeza sumaku.

"Imeshuka! Babu, imeshuka! Njoo uone!"

Niliona. Jicho hili hili la kulia. Namba zilikuwa zinateremka kama mtu anashuka ngazi. Akiondoa sumaku zinapanda, akirudisha zinashuka. Alikuwa anaruka mwanangu, amenishika shati. Akachukua kidonge cha pili, akainamisha mtungi. Hakikutoka kitu. Akaugeuza juu chini.

"Masudi hakujaza?"

"Alijaza."

"Sasa iko wapi?"

Nikamweleza msiba. Akasema pole kwa bibi Emilia, akasema kweli. Halafu akaniuliza taratibu, "Uliufungua?"

Nikamwambia watu walitaka kuona.

Hakunipigia kelele, Penina. Ningefurahi angenipigia kelele. Alikaa chini akawa anafuta ule mtungi kwa kitambaa, nao hauna kitu.

Kifaa kikaenda na mwenyewe. Msimamizi wake akamwambia kidonge kimoja ni nukta moja, na nukta moja haichori mstari. Muda wake ukaisha, na kuongezewa hakuomba. Sasa yuko Area D, hapo hapo Dodoma, anauza mafuta ya nywele kwenye duka la mwenzake. Nimekwenda mara mbili. Ananipa kiti, ananipa soda, anasema "Shikamoo babu" kama anavyomwambia mteja. Mchumba hakuna tena. Mara ya pili alinipa kopo la kakao lenye vidonge vyake vyote. Akasema, "Chukua babu, ukawaonyeshe watu."

Kopo liko hapa mezani ninapoandika. Nimejaribu kwa sumaku ya spika mbovu: vinashikwa kidogo, halafu vinaanguka. Masudi anasema mtungi ulikuwa umeshachoka, ungeisha hata nisingefungua. Mimi nasema hivyo hivyo kwa watu. Ruthu anasema ungefika na ya kutosha vidonge vyote, na hesabu anajua yeye.

Usimpigie kumwambia ulitaka asomee ualimu. Akipokea, mwambie mimi... hapana, usimwambie kitu. Mwulize tu kama anakula.

Nisalimie shemeji, na Debora na watoto wake, na yule Noeli wenu aliyetoka Kondoa akawa Mmakonde. Mungu akulinde miguu hiyo, akupe mvua yako na yetu kama sisi hatumfai. Mimi sidhani kama nitaiona nyingine.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata unaponikasirikia,

Stanley Mazengo

Haya niliyoandika yana mashahidi. Kwamba mtungi ulijaa, muulize Masudi. Kwamba nilishuka Mbande kwa haki, na jani likavunjika, muulize Dorothea. Kwamba namba zilishuka kweli, kwamba mjukuu wetu alikuwa sahihi, tuliokuwepo ni wawili tu. Mimi nimeshasema. Mwingine ni Ruthu.