Wito wa Mboloko

Rwambuzi, Bunia

Kwa binti yangu mpendwa Kanyere,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na mume wako na wote wa nyumbani huko Mambasa. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Aibu ndiyo iliyonizuia, si kazi. Hapa mvua inanyesha vizuri, na maharagwe aliyoyapanda marehemu mama yako bado yanazaa.

Umeniandikia kwamba unaingia hifadhini kukata majani ya kufungia chikwanga, mikate yenu ya muhogo, na kwamba unawachekesha wenzako kwa kubana pua na kulia kama mboloko, yule paa mdogo wa msituni, jinsi wawindaji tunavyomwita mnyama huyo aje. Mwanangu, Jumatatu msimu wa uwindaji unafunguliwa huko. Nakusihi uache mchezo huo, ambao mimi mwenyewe nilikufundisha.

Mwaka jana, nilipokuja kwenu, niliita hivyo msituni na mboloko akanijibu. Niliita tena, akajibu karibu zaidi. Majani yalipotikisika, nilipiga bunduki. Ndipo nikasikia sauti ya rafiki yangu Ambroise: "Muzee Antoine, miye si nyama!" Naye alikuwa akiita, akidhani mimi ndimi mboloko. Wewe nilikuambia kwamba aliumia mguu kwa kuanguka na pikipiki. Nisamehe uongo huo.

Tafadhali uvae kitambaa chekundu, uimbe kwa sauti njia nzima, utoke msituni kabla ya saa kumi.

Baba yako akupendaye,
Antoine

Barua hii inaletwa na Ambroise mwenyewe. Siku hizi anatembea polepole, lakini amekataa nimpe mtu mwingine.