Vibao chini ya magurudumu

Marva we, uko wapi? Ukisoma ujumbe huu nipigie.

Tulikuwa mezani tunapanga safari ya maonyesho ya jimbo, nani alale wapi kwenye gari la kulala, lile lenye vitanda ndani tunaloliegesha uani. Mama akasema, "Kitanda cha juu ni cha baba yenu."

Baba tuliyemzika Machi!

Kaka yangu Royce akamwambia, "Mama, baba alishafariki."

"Najua. Yeye ndiye hajui."

Yeye ndiye hajui, Marva!!

Nikatoka nje nipumue. Unakumbuka Baba alivyokuwa akipanga vibao chini ya magurudumu ya gari hilo mpaka maji kwenye glasi yake yakae sawa? Hakuruhusu mtu aguse. Tangu afe, gari limeinama.

Sasa limesimama sawa kabisa. Glasi yake iko kwenye ngazi ya mlango, imejaa, na maji bado yanatikisika.