Maji ya Rejeta Yanapungua Kila Siku na Mapacha Wanakuja Jumamosi

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaaibika. Mimi ni karani wa masijala, kijana, sijaoa, na tangu wiki iliyopita ni mjomba wa mapacha, msichana na mvulana, dada yangu amejifungua salama na hospitali wamesema watamruhusu Jumamosi, na nyumbani wote wamekubaliana kwamba mimi ndiye nitakayewaleta, kwa gari la shangazi yetu mshonaji, ambaye amenipa ufunguo mapema ili nilizoee, na hapo ndipo usingizi uliponiruka.

Siku ya kwanza nilifungua boneti, maana siwezi kushika kitu cha mtu bila kukikagua, nikaona lile tangi dogo la plastiki la maji ya kupoza injini limefika nusu tu. Kazini tumefundishwa tusiache nafasi tupu kwenye ukurasa, pengo lolote ni mwanya wa mtu kuchomeka lake, basi nikajaza mpaka mdomoni, nikaenda kazini, nikarudi, asubuhi kufungua, yameshuka! Nikajaza tena, yakashuka tena, mpaka pale pale, kati ya mistari miwili iliyochorwa ubavuni mwa tangi, na tangu hapo kila asubuhi ni hivyo, isipokuwa Jumapili sikulitoa gari na Jumatatu nikakuta yamejaa kama nilivyoyaacha, jambo lililonitisha zaidi, kwa sababu maana yake gari linayanywa likiwa njiani, mimi nikiwa ndani yake.

Nimetandaza maboksi chini ya injini, makavu. Mazulia ya ndani makavu. Moshi si mweupe, oili ni safi, na mshale wa joto haujawahi kupita katikati. Nilichokiona ni michirizi ya kijani iliyokauka chini ya mfuniko wa tangi, basi.

Fundi niliyemwonyesha hakuinama hata kidogo. "Dogo, gasketi ya silinda hedi imekwenda hiyo. Tufungue injini."

"Itachukua muda gani?"

"Tukishafungua ndiyo tutajua."

Karani mwenzangu naye, kila akinikuta uani na dumu la maji, anapaza sauti ofisi nzima isikie: "Mjomba, hilo gari linanyonya kuliko mapacha!" Na shangazi anapiga simu kila jioni. "Mwanangu hajambo?" Najua anaulizia gari. "Hajambo, shangazi." "Mbona sauti inatetemeka?" "Mafua tu, shangazi." Mshauri, nimeugua mafua ya uongo mpaka ameniletea dawa.

Nifanye nini? Nimwachie fundi afungue injini? Nimwambie shangazi, ambaye gari hilo hulifuta kwa kitambaa alichokishona pindo mwenyewe? Kila nikifumba macho naona tumesimama katikati ya barabara, injini inatoa mvuke, dada bado ana mshono, na watoto wawili wanalia juani huku mimi nikitafuta maji.

Mjomba Mpya

JIBU

Marahaba, Mjomba Mpya, na hongera kwa mapacha. Sasa vuta pumzi, kisha weka dumu chini, kwa sababu anayeyamwaga maji ya gari hilo ni wewe.

Maji yakipata moto hufura, na yakifura yanataka mahali pa kwenda. Ile nafasi iliyokukera ndiyo mahali penyewe. Tangi halikuwa na upungufu siku ile ya kwanza, lilikuwa limejazwa inavyotakiwa, kati ya mistari miwili. Wewe ukaziba nafasi, injini ikapata moto, maji ya ziada yakasukumwa nje kupitia mfuniko, yakakauka njiani, yakaacha michirizi uliyoiona. Ndiyo maana yanashuka mpaka pale pale na hayapiti. Ndiyo maana Jumapili hayakushuka. Ushahidi wote umeukusanya mwenyewe, kijana, kwa uangalifu wa kupendeza, halafu ukaogopa kuusoma!

Usinielewe vibaya. Gari linaloishiwa maji kweli si la kuchezea, na umefanya vizuri kutazama chini, mazuliani na kwenye oili. Ila kutazama ni kazi moja na kumimina ni nyingine.

Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, punguza maji yafike usawa wa kati. Bandika kipande cha utepe hapo. Usiongeze hata tone, endesha kama kawaida, na kila asubuhi tazama kabla hujawasha. Mfuniko wa tangi usiuguse injini ikiwa ya moto, mapacha watahitaji mjomba mwenye uso. Maji yakibaki kwenye utepe mpaka Ijumaa, gari ni zima. Yakizidi kushuka, hapo yanavuja kweli: tafuta fundi atakayepima mfuniko na mipira ya kupitishia maji kwa presha kwanza. Huyo wako aliyetaka kufungua injini bila kuinama, msalimie ukiwa mbali. Na ikifika hivyo, Jumamosi panda teksi bila kuona haya, dada yako hatauliza gari ni la nani.

Baada ya sherehe zenu, fundi amwage maji yote na kuweka kulanti, ile dawa ya kijani ya kupozea injini, kwa kipimo sahihi, maana umeizimua kwa maji ya bomba.

Shangazi mpigie leo, kabla hajakununulia dawa nyingine. Mwambie ukweli wote. Atakufokea, kisha atawasimulia wateja wake wote, na utachekwa na ukoo mzima mpaka mapacha waanze shule. Vumilia, hicho ni kicheko cha watu wanaokupenda.

Jumamosi, ukifika hospitali, zima injini na uache boneti ilivyo. Una mikono miwili, na watoto ni wawili.