Silikoni Inayonuka Siki

Jumamosi, 2 Machi
Boti yetu ndogo ya rimoti imelala mezani tumbo wazi. Leo nimeiziba. Maji ya chumvi hayana adabu – yakipata upenyo wa sindano yanaingia, na yakishaingia yanakula shaba polepole mpaka siku moja usukani haukusikii. Risiva ya kwanza, ile inayopokea amri za rimoti, ilikufa hivyo. Safari hii sifanyi mchezo. Fundi bomba jirani kanipa tyubu ya silikoni, ile ya kuzibia kingo za sinki. Nimeifunika risiva yote, plagi, na waya za mota ya usukani. Unyevu utapiga hodi mpaka uchoke!

Mdogo wangu alikuwepo, kakaa kwenye kiti cha wateja, mkongojo katikati ya magoti. Akanusa. Dada, mbona inanuka siki? Nikamwambia miaka thelathini natengeneza redio, leo mwalimu wa jiografia anifundishe kazi? Akacheka. Haya fundi, akasema, mdomo nimeushona.

Daktari kasema mikono itafuata miguu. Misuli inakwisha. Hakusema lini. Mdogo wangu anataka kitu kimoja tu: aizungushe boti kwenye lile boya jekundu mbele ya gati, kwa vidole vyake mwenyewe, kabla havijagoma. Miaka yote tukicheza na boti zetu hakuwahi kulizunguka hata siku moja. Hajaomba kingine. Na huyu ni mtu wa kuomba kila kitu tangu anazaliwa – mimi ndiye niliyembeba mgongoni, najua.

Jumapili, 24 Machi
Sijui nianzie wapi.

Bahari ilitulia. Tulimweka na kiti chake juu ya ngazi za gati, wifi akamshikia mwavuli. Nikaishusha boti. Iliondoka vizuri! Alikuwa anacheka peke yake. Ilipokaribia boya nikamwambia kata. Usukani ukashtuka kidogo, ukalala. Boti ikaenda moja kwa moja. Kata! Nakata, Dada, nakata! Nikatazama kidole gumba chake. Kilikuwa kinatetemeka.

Ikagonga mawe. Niliingia majini na gauni langu kuifuata. Niliporudi ameshampa wifi rimoti. Kasema basi. Nilidhani kidole nakisukuma, Dada, kumbe hakisukumi. Alisema kwa upole. Bora angetukana.

Wifi alifunga mwavuli na jua bado kali.

Jumanne, 26 Machi
Boti nimeisuuza kwa maji ya bomba, nje tu. Nimeipandisha rafuni na kuigeuzia mgongo. Siwezi kuitazama.

Ijumaa, 12 Aprili
Nimetoka kwao. Wifi anamlisha. Mwezi uliopita alikuwa anashika kijiko mwenyewe, wali unamwagika, anatania kwamba na sakafu nayo ina njaa. Sasa anafungua mdomo tu. Yule dada wa mazoezi ya viungo alikuja na mpira wake wa kubinya, akarudishwa mlangoni. Mdogo wangu kamwambia asijisumbue, mikono ameshaiaga.

Rimoti kaitia kwenye droo ya kitandani. Hataki kuiona, na hataki itolewe chumbani.

Wifi kaninong'oneza jikoni kwamba daktari kaonya: mikono asipoitumia itakwisha mbio zaidi. Nimelia njia nzima. Watu wakanitazama. Na watazame!

Jumatano, 1 Mei
Ee Mungu wangu.

Kuna mteja alitaka mota ndogo. Nikakumbuka ile ya usukani – boti si imekufa? Nikaifungua nichukue. Siku ile ya kuziba nilikuwa nimeweka chini kipande cha sponji kukamata maji yakiingia. Kikavu! Kikavu kabisa, hata chumvi hakuna. Nikabandua silikoni. Plagi ya usukani imeota kutu ya kijani. Njia ya shaba kwenye bodi, ile inayopeleka amri kwenye usukani, imeliwa, imebaki uzi. Nikatazama kona ambako kumbe silikoni haikufika. Shaba inang'aa.

Nikanusa. Siki.

Nikamkimbilia fundi bomba. Kacheka. Ile ni ya vigae, mama, ikikauka inatoa asidi, ndiyo harufu yake. Nani kakutuma uipake kwenye mambo ya umeme? Umeniomba silikoni, nimekupa silikoni.

Kwa hiyo bahari haikuingia. Ni mimi. Nilimfungia adui ndani na kumzibia mlango.

Na kidole chake kilikuwa kinasukuma. Kilitetemeka ndiyo, lakini kilisukuma! Amri ilifika mpaka kwenye risiva ikakosa njia. Wateja wakileta redio zao huwa nawaambia, kifaa hakina kosa, kosa ni la mwenye kifaa. Nawacheka kabisa. Siku ile pale gatini mimi, fundi, sikuitazama boti. Nilitazama kidole cha mgonjwa. Niliamini upesi mno.

Jumamosi, 4 Mei
Nimemwambia wifi kwanza, pale kwenye geti, hata ndani sijaingia. Alishika chuma cha geti muda mrefu. Kisha akaniomba nisimwambie mumewe. Ametulia sasa, wifi yangu, akasema. Ukimwambia mikono ilikuwa mizima siku ile, umemwambia pia kwamba hizi wiki sita kazitupa bure. Atazirudisha vipi?

Nikaona ana haki. Na nikafurahi kwamba ana haki. Aibu yangu ndiyo hiyo, naiandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuiweka. Nilishukuru kupata wa kuniziba mdomo.

Jumatano, 8 Mei
Nimeitengeneza. Mswaki na spiriti mpaka kijani chote kikatoka. Njia iliyoliwa nimeiunga kwa waya mwembamba kama unywele. Vanishi ya bodi, nikaacha ikauke, vanishi tena. Grisi kwenye plagi. Ndivyo ilivyopasa tangu mwanzo. Mchana mmoja tu! Kazi ya mchana mmoja.

Kuijaribu siwezi, rimoti iko kwake. Sijui kama inafanya kazi.

Nimekula nusu sahani nikaacha. Nitamwambia. Wifi atanichukia, na anichukie. Yule ni mdogo wangu, si mteja wa kufichwa ubovu wa kazi.

Jumapili, 12 Mei
Naandika sebuleni kwao. Boti nimeipakata.

Nimemwambia yote. Sponji kavu, siki, fundi bomba, yote. Na kwamba aliuliza, nikamkejeli. Alitazama dari. Kisha: kwa hiyo nilikuwa nakata. Nikamwambia ulikuwa unakata. Wiki saba, Dada. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikaomba radhi. Akasema toka.

Hajawahi kuniambia toka. Tangu ana meno mawili mdomoni, hajawahi.

Nimetoka. Nikamsikia anamwambia wifi afungue droo. Wifi katoka, macho mekundu, kanipita kama mtu anavyopita kiti, kaingia jikoni. Nimeiwasha boti. Taa imewaka. Usukani umekaa katikati.

Dakika kumi sasa. Hakuna kitu. Inawezekana ni waya wangu. Inawezekana ni mikono, sasa kweli. Nikiingia kuuliza atadhani nimekuja kuona aibu yake. Nakaa.

Usukani umeshtuka!

Sikuugusa. Mkono mmoja uko kwenye kalamu, mwingine nimeunyanyua juu. Umetulia tena.

Tena. Umekata kushoto, robo tu, hata robo haifiki. Umesimama hapo. Kijiti cha rimoti kina springi, ukikiachia tu usukani unarudi katikati wenyewe. Haujarudi. Nasikia anavyopumua kule ndani, kama mtu anayepandisha gunia ngazini. Wifi kaja, kasimama nyuma yangu na kitambaa cha vyombo. Unatetemeka sana. Haujarudi bado –