Chakula cha Shofere

Kadidja wangu,

Mi niko muzima, na mwambie Raissa baba yake hajakonda. Simu imekufa, ndiyo maana nimempa Saidi barua hii akirudi Gitega na pikipiki.

Bado niko Muyinga, karibu na kambi ya wakimbizi Wakongo. Lori limejaa unga na maharagwe yao, lakini kwenye kizuizi cha barabara wanasema ruhusa haijatoka. Kila siku ni kesho. Mi silalamiki: kivuli iko, upepo iko, na sombe ya majani ya muhogo nakula kila jioni. Ananiletea Mama Zawadi, mkimbizi wa Uvira. Anapika karibu kama we, usinune.

Jana nilimuuliza watoto wake wamekula nini. Akacheka. "Shofere, kwetu mugeni anakula wa kwanza." Nikamaliza sahani huku wanawe wakiniangalia, na nyuma yangu maharagwe yao yamefungiwa chini ya turubai.

Sasa sikia. Saidi akirudi huku, mpe mchele, samaki ndagala na chumvi, pikipiki ijae. Wakimuuliza kizuizini, aseme ni chakula cha mume wako. Aseme siku hizi anakula sana.

Wako,
Shafii